Mchumba wa Babu

Mume wangu ni fundi saa, mtu mpole, mtu wa kuinamia meza kutwa nzima na kioo jichoni, na tangu anioe hajawahi kunipa sababu ya kumwuliza alikotoka. Lakini Ijumaa ile aliingia ndani na viua vidogo vya rangi ya krimu vimenasa kwenye kola ya shati lake, na mimi nikamkamata kola hiyohiyo kwa mikono miwili kabla hajavua viatu.

"Umetoka wapi?"

"Kazini."

"Usinifanye mtoto. Maua haya umeyatoa wapi?"

Watoto wakaacha kula wakatutazama. Mwanamke mwingine angekuwa ananusa manukato au anatafuta unywele. Mimi nilimpekua mfuko wa shati nikatoa kile kioo chake cha kazi, nikakibana jichoni, nikamwinamisha shingo karibu na taa. Ua lilikuwa dogo kuliko punje ya mchele. Katikati palikuwa na vinundu vitatu vya kijani, kila kimoja na ncha inayong'aa kwa utomvu. Pembeni yake vijiti vya chavua vilikuwepo, lakini vya sura tu, vikavu, havina kitu ndani.

"Ni jike!" nikapiga kelele. "Jamani, ni jike!"

"Mama," binti yangu mkubwa akauliza, "baba amefanya nini?"

"Baba yako amefanya la maana. Sema, mume wangu, umepita wapi?"

Akatazama chini. "Nilipitia kwa dada. Tuliketi kibarazani."

Hapo kelele zikaniisha. Kati ya nyumba zote za mji huu, Mungu alikuwa amechagua kibaraza cha wifi yangu.

Lazima nieleze kazi yangu, la sivyo mtaniona kichaa. Nafanya kazi kwenye bustani ya mimea, kitengo cha mimea inayopanda. Wenzangu wana miti, mmoja ana nyasi, maskini, hakuna anayemtembelea. Mimi nimepewa kila kinachokataa kusimama kwa miguu yake mwenyewe. Mmea wa kupanda ni mjanja. Mti unahangaika miaka kujenga shina nene la kujibebea. Huyu anaokoa nguvu zake, anaegemea kwa jirani, anajisokota, anapanda pole pole, na siku ya siku unamkuta juu kabisa anaota jua kuliko mwenye nyumba. Nina ndugu wa namna hiyo.

Mkubwa wa kitengo changu tulimwita Babu. Alikuwa mmea wa asili wa hapahapa, haukupandwa na mtu. Bustani ilimkuta, na ukuta ukajengwa kumzunguka. Shina lake lilikuwa nene kama paja langu, na mimi si mwembamba. Gamba lake lilikuwa laini kama kizibo cha chupa, linabonyea ukiligusa. Ukikata tawi lake huoni miduara kama ya mti. Unaona vipande vimepangwa kutoka katikati kwenda ukingoni, kama chungwa lililokatwa nusu, mbao kidogo, nyama laini kidogo, mbao tena. Ndiyo maana mimea ya aina hii inajikunja na kuning'inia bila kuvunjika.

Shida ya Babu ilikuwa moja: alikuwa dume. Habari za mpapai kila mtu anazijua, kwamba kuna jike lenye matunda na kuna dume ambalo halizai hata ulitukane. Babu naye ni hivyohivyo. Maua yake yalishuka kwa vishada virefu vilivyojaa chavua, ule unga wa manjano, na hapakuwa na wa kuupokea. Majike yalikuwepo zamani kwenye vichaka vya ukingoni mwa mji. Vichaka vikafyekwa, nyumba zikaota, na kwenye makabati yetu ya mimea iliyokaushwa hakuna hata kipande kimoja cha jike.

Na mwaka huu Babu alianza kuoza. Uyoga ulimtokea chini ya shina, mgumu kama ubao, na ukishauona uyoga wa namna hiyo ujue ndani kumekwisha. Tulijaribu kupanda vipande vya matawi. Vichache vilishika, lakini kipande cha dume huota dume. Ukipanda mia, unapata makapera mia. Tulihitaji mbegu. Na kama ilivyo kwa mimea mingi inayohisi mwisho umefika, Babu alichanua mwaka huu kama mwendawazimu. Ilikuwa ni sasa au basi tena. Bila mbegu ukoo wake ungeishia pale, mikononi mwangu, na wazo hilo lilikuwa linaninyima usingizi.

Sasa habari za wifi.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni fundi cherehani, na sisemi hivi kwa kumvika kilemba cha ukoka: hana mpinzani. Miaka iliyopita bustani ilifanya sherehe, na yeye akanishonea gauni la kijani lililotariziwa mmea unaopanda kuanzia pindoni mpaka begani. Nikaenda kulichukua. Duka limejaa wateja. Nikalivaa, nikajitazama kwenye kioo, na mdomo wangu huu, ambao mama yangu alisema utakuja kuniua, ukafunguka: "Majani yamekosewa. Mmea huu majani yake hupishana, moja huku moja kule. Wewe umeyaweka mawili mawili." Wifi akatoa pini mdomoni. Akasema, "Basi kavae majani yenyewe." Na mimi nikajibu, naye akajibu, na tangu siku hiyo hatukusalimiana. Mume wangu alikuwa anakwenda kumwona kila Ijumaa, nami nilijua, damu nzito kuliko maji. Ila jina lake halikutajwa mezani kwetu. Na mpaka kesho nasema: yale majani yalikuwa yamekosewa.

Mtu mwenye akili angekwenda mwenyewe. Mimi nilituma ujumbe. Jumamosi asubuhi nilichuma vishada vya Babu vilivyofunguka alfajiri, nikavitia kwenye kikopo na kitambaa kibichi, nikamkabidhi mwenzangu wa kazi. Huyu tunamwita Mkwezi, kwa sababu ndiye anayepanda miti kutuletea sampuli. Mume wangu nikamfanya kiongozi wa msafara.

"Mkimbie," nikawaambia. "Unga huu jua la mchana likiupiga umekufa. Mtauona bado wa manjano, lakini hauna uhai."

Walirudi mchana. Kikopo kilikuwa vilevile, na nyuso zao zilikuwa za watu walioshiba.

"Ametukaribisha vizuri sana," Mkwezi akasema. "Ametupa chai na maandazi. Nikamwambia tunaomba kupanda kibarazani kwake kupaka maua unga. Akauliza nani ametutuma. Nikasema, ofisi. Akacheka, dada, akacheka mpaka akashika cherehani. Akasema ofisi haina miguu, mwenye miguu aje."

"Na wewe?" nikamgeukia mume wangu. "Ni dada yako wa tumbo moja. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakula andazi." Akakohoa. "Amesema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na amesema uje umevaa lile gauni."

Nilisema maneno ambayo siyaandiki hapa. Nikaapa kwamba heri Babu afe kapera.

Usiku upepo ukavuma, na Jumapili asubuhi nilipofika bustanini nikakuta ardhi yote chini ya Babu imekuwa ya krimu. Maua yalikuwa yamepukutika. Upande mmoja tu, ule uliokingwa na ukuta, ulikuwa na vishada vilivyobaki, navyo vya siku moja, mbili. Shina lilikuwa limeinama. Nililigusa likabonyea na vidole vikaingia ndani. Nikapiga moyo konde. Nikachuma kila kilichobaki, nikarudi nyumbani, nikafungua sanduku mpaka chini.

Gauni liliingia kwa shida. Mume wangu alivuta zipu, binti yangu akasukuma, mimi nikaacha kupumua. Ndivyo nilivyopita barabarani Jumapili saa za watu kutoka ibadani, nimemeremeta kama mkungu wa ndizi uliofungwa, na kikopo kifuani, na Mkwezi nyuma yangu amebeba ngazi. Mtu mmoja akaniuliza arusi ni ya nani. Nikamwambia ya Babu.

Wifi alikuwa kibarazani kwa nyumba aliyohamia baada ya ugomvi wetu, ambayo sikuwahi kuikanyaga, ameketi kwenye cherehani, pini mdomoni. Wifi anaongea na pini mdomoni vizuri kuliko wengi wasio na kitu. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima maneno ya kumwambia, mengine matamu, mengine ya akiba. Lakini kabla sijafika kwake nikauona.

Ulikuwa umeanzia kwenye kona ya msingi, umejisokota nguzoni, umepanda, umelala juu ya kibaraza chote na kushuka upande wa pili. Majani ya umbo la moyo. Gamba la kizibo, linabonyea kidoleni. Na kila mahali, chini ya majani, vishada vya viua vidogo vyenye ncha zinazong'aa, vinasubiri. Vilikuwa vinasubiri kila mwaka, kule upande wa pili wa mji, na hakuna aliyekuja. Nililia. Nasema waziwazi, nilishika nguzo ya watu nikalia.

"Hebu muoneni," wifi akasema. "Mmea anaulilia. Mimi miaka yote hiyo hakunitupia hata chozi la kope moja."

"Wifi, shikamoo," nikasema, maana kanizidi umri.

"Marahaba. Geuka."

"Wifi, kuna unga hapa, jua likipanda..."

"Geuka, nimesema."

Nikageuka. Akanizunguka, akavuta kitambaa hapa, akabana pale.

"Umenenepa."

"Nimenenepa."

"Hapa kwapani patachanika. Niliacha mshono wa kutosha kwa sababu nilijua utanenepa. Simama vizuri nifumue."

Na kweli akachukua wembe wake wa kufumulia, akaanza. Mshono mmoja baada ya mwingine, bila haraka, huku jua linapanda ukuta wa jirani. Nilikuwa nimeshikilia kikopo roho mkononi. Mkwezi kule getini ananionyesha jua kwa kidole, kana kwamba silioni. Wifi akawa ananihesabia makosa yangu: mwanangu wa mwisho alipoota jino sikumwita, yeye alipougua mguu sikuja, nilimpita sokoni nikajifanya nachagua nyanya.

"Zilikuwa nyanya nzuri," nikasema.

"Zilikuwa zimeoza. Nilikuwa nakuona."

"Wifi, unga huu unakufa!"

Wembe ukasimama. Akaja mbele yangu, tukatazamana.

"Haya, sema," akaniambia. "Lile gauni. Majani yalikuwaje?"

Nilijua ninachotakiwa kujibu. Mtoto mdogo angejua. Babu alikuwa anakufa, mchumba wake alikuwa juu ya kichwa changu, na neno moja tu la uongo lingetosha. Nikafungua mdomo.

"Yalikuwa yamekosewa," nikasema.

Mkwezi akaweka ngazi chini na kujishika kichwa. Wifi akatoa pini moja mdomoni, kisha ya pili, akazichomeka kifuani mwa blauzi yake. Halafu akaangua kicheko, kicheko cha kutoka tumboni, mpaka ikabidi akae.

"Nilijua!" akasema huku anafuta macho. "Ungeniambia yalikuwa sawa ningekufukuza hapa. Ningejua umekuja kwa ajili ya shida tu. Mtu mkaidi wewe! Ulitoka wapi na mdomo huo?"

"Na gauni ni zuri, wifi. Sijawahi kuvaa nguo nzuri kuliko hii."

"Hilo ndilo la kuanza nalo, mwanamke. Unaanza na zuri, kisha unasema majani." Akasimama. "Haya, nani anapanda?"

Mkwezi akaegemeza ngazi, akapanda, na paa likalia. Mbao za kile kibaraza zilikuwa zimechoka, na Mkwezi ana vidole kama mihogo. Alishika kishada cha kwanza kikabaki mkononi mwake chote. Nikampigia kelele ashuke. Nikataka kupanda mwenyewe, lakini kwapa moja lilikuwa limefumuliwa na lingine halijafumuliwa.

"Nipisheni nyote," wifi akasema. Akapandisha sketi, akachomoa sindano kando ya zile pini kifuani, akakwea. "Mimi natunga uzi umeme ukikatika. Shika ngazi. Na ukiniachia nikaanguka, nitakutokea ndotoni kila siku."

Nikaikumbatia ile ngazi kwa nguvu zangu zote. Nikampa kikopo. Nikamweleza: agonge ua dume taratibu, unga udondoke, aubebe kwa upande wa tundu la sindano, auguse kwenye zile ncha tatu zinazonata. Zote tatu, maana kila kinundu huzaa tunda lake. Na kila kishada atakachopaka akifunge uzi, ili baadaye tujue kilichopakwa na ambacho hakikupakwa.

"Rangi gani?"

"Yoyote, wifi."

"Hakuna rangi yoyote. Nipe nyekundu."

Alifanya kazi bila kusema, jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baada. Kishada, unga, ncha, fundo. Mimi kule chini nilikuwa naona nyayo zake na kusikia anavyopumua. Unga ulipokwisha, jua lilikuwa limefika kwenye ngazi na uzi mwekundu ulikuwa umetapakaa kibaraza kizima.

"Mmea wenyewe mafundi waliniambia niukate, unaozesha paa," akasema akishuka. "Kila mwaka unamwaga takataka kwenye vitambaa vya watu, na hata tunda la kuonja haunipi. Nikawaambia, kivuli chake kinanitosha. Si lazima kila kitu kizae ndipo kiachwe kiishi."

Wifi hana mtoto. Nilimshika mkono nikaubana, na yeye akauacha pale kwa muda kabla hajaniambia nikae anifumue kwapa la pili.

Babu alianguka wiki ile ile. Hapakuwa na upepo wala nini. Aliachia tu ukuta, akalala chini. Tulimkata vipande, na mimi sikutaka mtu yeyote anisemeshe. Sasa kila kitu kilikuwa juu ya vile viuzi vyekundu.

Sikuthubutu kwenda kuangalia. Mume wangu akapita Ijumaa, akasema bado. Akapita nyingine, akasema maua yameanza kudondoka. Nikala chakula kama ninatafuna karatasi. Kisha simu ikalia kazini, na namba ilikuwa ya wifi, ambaye hajawahi kunipigia.

"Ya uzi mwekundu hayajadondoka," akasema bila salamu. "Yasiyo na uzi yamekwisha yote. Haya mengine yanavimba. Matatu matatu, kama mafiga. Njoo uwaone, mbona unasuasua? Mimi si daktari."

Nilikwenda mbio, na yalikuwa matatu matatu kama mafiga. Kuanzia hapo nilikuwa nakwenda kila nipatapo nafasi, na wifi akawa ananiambia kwamba ninayachosha kwa kuyatazama. Ndege walipoanza kuyanyemelea, alishona vifuko vya neti vya mabaki ya shela za maharusi, akavivika kila kishada. Wateja wakija kupimwa walikuta mmea umevaa shela. Matunda yakageuka manjano, kisha rangi ya chungwa, na siku tuliyolipasua la kwanza pale juu ya meza ya cherehani, ndani palikuwa na mbegu moja ngumu iliyojikunja kama mwezi mwandamo. Nikaikata nyingine katikati nikaitia kioo cha mume wangu. Ilikuwa imejaa, nyeupe, hai. Wifi alipiga kigelegele mpaka jirani akauliza kuna nini.

Mbegu za aina ile hazina haraka. Tulizipanda bustanini kitaluni, kwenye vifuko vya udongo tunavyoviita viriba, na muda mrefu ukapita tukitazama udongo mtupu. Asubuhi moja vikachomoza vijani viwili, pacha, kisha vingine. Nikampigia wifi. Akaja, mara yake ya kwanza kukanyaga pale ninapofanya kazi, amevaa vizuri kama anakwenda kupokea wageni. Akachuchumaa mbele ya vile viriba, akavitazama kimoja kimoja.

"Yupi mume, yupi mke?" akauliza.

"Haijulikani."

"Wewe na kioo chako hujui?"

"Hakuna anayejua, wifi. Majani ni yaleyale, gamba ni lilelile. Mpaka wachanue."

"Watachanua lini?"

Nikamwambia ukweli: inaweza kuwa miaka kumi, inaweza kuwa zaidi. Nusu ibaki huku, nusu aichukue yeye, na siku ya kuchanua tutaona nani ni nani na nani abebe unga kumpelekea nani.

Akachagua kiriba kimoja, akakiinua, akapangusa udongo ulioganda pembeni kwa kidole gumba.

"Basi itabidi uwe unakuja kuwaangalia," akasema, bila kunitazama. "Kila mwezi, tena. Maana mimi kulea mimea sijui kabisa."

Mmea mama ulikuwa umeota kibarazani kwake, umefunika paa lote na kuishi miaka yote hiyo bila yeye kuniuliza mimi hata namna ya kuumwagilia maji. Hilo alilolisema lilikuwa limekosewa, limekosewa kabisa, na mdomo wangu ulikuwa tayari umefunguka.

"Kila mwezi, wifi," nikasema.